Siku Mayaya wa Kipupwe Waliponyamazishwa

Sili jike mwenye kibandiko namba 88 kwenye pezi alitoka majini saa tatu asubuhi, maji yanamchuruzika, maziwa yamemjaa hadi anatembea kwa tabu, akaanza kumwita mwanawe. Yeye mwenyewe alikuwa baharini siku kumi na moja. Enzi za bibi yake, mama wa sili manyoya alikuwa akienda baharini siku tano tu, anakula uduvi, anashiba, anarudi kunyonyesha. Lakini bahari ilikuwa imepata joto, uduvi umekimbilia kusini zaidi, na mama ilibidi aufuate huko huko. Basi 88 alisimama juu ya kokoto, akainua shingo, akapiga ule ukelele mrefu wa kukwaruza ambao kila mama anao wake na haufanani na wa mwingine. Akatulia kusikiliza. Akapiga tena.

Hatua thelathini kutoka hapo mwanawe alikuwa amelala chali ubavuni mwa Yaya wa Kumi na Saba, tumbo limemtuna. Alitikisa kisikio kimoja, akajikuna, akaendelea kulala.

Nyamizi Kasanda aliyaona haya akiwa amekaa juu ya jiwe, hedifoni shingoni, chai inampoa mkononi. Alikuja ufukweni kwa furaha zake asubuhi ile. Yeye ndiye fundi sauti wa kituo, na jana yake tu walikuwa wametuma taarifa makao makuu kwamba ndama wote elfu moja mia moja na arobaini wako hai, hajafa hata mmoja tangu msimu uanze. Watoto wa sili pale kituoni waliitwa ndama, na aliyeanzisha jina hilo ni yeye mwenyewe, mtoto wa wafugaji wa Urambo. Sasa alimtazama ndama huyu aliyenona, asiyejali kitu, akamtazama na mama anavyokwenda huku na huku anaita.

Alishuka kwenye jiwe, akamnyanyua ndama. Kilo kumi na mbili, na meno juu.

"Haya twende, bwana mkubwa," alimwambia. "Mama yako kaja."

Akamweka mbele ya 88. Mama alimnusa, akamtambua papo hapo, akatoa sauti ya chini ya kubembeleza. Ndama akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akageuka, akatimua mbio kwa mapezi yake yote manne hadi kwa yaya. Na yaya, ambaye ni pipa la chuma lililovikwa mpira wa moto moto, lenye chuchu nne na spika moja, alimtambua ndama kwa kibandiko chake, akamwita kwa sauti ya mama yake iliyorekodiwa, akamtolea chuchu. Ndama akanyonya huku amefumba macho. Nyuma yao mama mwenyewe alikuwa anaita mpaka sauti inamkatika.

88 aliita siku mbili. Siku ya tatu akarudi baharini na maziwa yake, na kwa sili hilo lina maana moja tu. Maziwa yatamkauka, na mwakani hatakuja kuzaa hapa.

Hilo peke yake lingetosha kumnyima mtu usingizi. Lakini asubuhi ile ile ya kwanza Nyamizi alimwona 301. Huyu alikuwa jike mchanga wa miaka minne, miongoni mwa ndama wa kwanza kabisa kulelewa na mayaya, na sasa yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wake wa kwanza. Alitoka majini, akapita kimya katikati ya wenzake, akaenda kusimama mbele ya Yaya wa Kumi na Saba. Hakuita. Mtoto wake naye alikuwa pale pale, amesimama. Mama na mtoto, wote wawili wameinua masikio, wanangoja mashine iite.

Wa namna hiyo walikuwa tisa mwaka huo. Nyamizi alikuwa amewaona tangu mwanzo wa msimu, na unajua alifanya nini? Alicheka. Aliwapiga picha, akawatumia dada zake Urambo. Sasa alikaa chini kwenye kokoto zenye maji, na chai yote ikamwagika.

*

Kisiwa hicho kiko kusini kabisa, kwenye bahari ambayo ramani nyingi hukosa la kuandika. Mwaka 2079 Mkataba wa Fukwe ulipogawa kwa kura mazalia ya mwisho ya wanyama wa bahari, kila ukanda wa dunia ulinde lake, Afrika Mashariki iliangukiwa na ufukwe wa sili manyoya. Watu walicheka sana kwenye magazeti. Kundi la kwanza lilipofika likakiita kisiwa Kipupwe, na huo nao ulikuwa utani, maana kipupwe cha nyumbani mtu anavaa sweta asubuhi anavua saa nne, cha huku kinang'oa paa. Walikuta sili elfu mbili tu wamebaki. Ndama walikuwa wanakufa njaa kwa mamia wakiwangoja mama zao, na ndipo mayaya wakabuniwa.

Maziwa ya mayaya yalitungwa na Dakta Eliakunda Mshana, Mpare wa miaka sitini na mbili, mkuu wa kituo. Mashine zilitengenezwa na kutunzwa na Kheri Mbwana, fundi wa Tanga mwenye mdomo usiopumzika. Sauti zilikuwa kazi ya Nyamizi. Kituo kizima kilikuwa ni hao watatu.

Nyamizi alijifungia chumbani kwake na sauti mbili. Ya kwanza aliyorekodi asubuhi ile, 88 akiita ufukweni. Ya pili ile ya 88 iliyowekwa ndani ya yaya. Akazisikiliza kwa zamu. Mara ya nne akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

Ngoja nikwambie huyu mwanamke alikuwa nani. Kabla ya Kipupwe alifanya kazi redioni Tabora miaka kumi na miwili, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna sauti chafu iliyotoka mikononi mwake. Alikuwa anaweza kumhoji mtu kando ya mashine ya kusaga, na wewe nyumbani ukadhani walikaa sebuleni. Mvua juu ya bati, jogoo, kikohozi, vyote alivifuta. Basi alipopewa sauti za sili akafanya alichojua. Aliondoa upepo. Aliondoa mawimbi, ukwaruzaji wa koo, vile vipande vinavyokatika mama anapohema baada ya kuogelea siku tatu. Akabakiza sauti tupu, safi, tamu, na akajisifu mbele ya wenzake.

Na ndama wakajifunza kwamba mama ni hiyo sauti safi. Mama wa kweli, mwenye koo lililokauka kwa chumvi na mawimbi yanampigia kelele mgongoni, walikuwa hawamjui.

"Ni mimi," alisema kwa sauti, peke yake mle chumbani. Ilimuuma hasa. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemlazimisha. Aliharibu kwa kile kile alichokuwa hodari nacho.

*

Siku ya tatu, 88 alipokwisha kuondoka, walikutana wakati wa chakula cha mchana. Kheri alikuwa zamu ya kupika, amesonga ugali na samaki wa kopo, na kwa mara ya kwanza tangu afike kisiwani alikula bila kusema neno, maana Nyamizi alikuwa anaongea.

"Nataka tuwazime," alimaliza. "Mayaya wote arobaini. Maziwa na sauti."

Dakta Eliakunda aliweka kijiko chini. "Kwa muda gani?"

"Mpaka mama warudi."

Kwenye ukuta kulikuwa na ramani inayoonyesha mama wote, kila mmoja kidoa cha njano, kwa kuwa vibandiko vyao vilituma habari. Kundi kubwa, kama mia sita, lilikuwa limegeuza na lilikuwa umbali wa siku nne au tano. Wengine karibu mia nne walikuwa nyuma yao kwa siku mbili, tatu. Wakifika na kuita bila kujibiwa, watakaa siku mbili waondoke kama alivyoondoka 88. Na msimu ulikuwa unaisha. Kurudi huku kulikuwa ndiko kwa mwisho.

"Dada, mbona tusirudishe tu ule uchafu kwenye sauti?" Kheri aliuliza. "Tia upepo, tia mawimbi, wazoee polepole."

"Nimejaribu tangu juzi kwa Yaya wa Kumi na Saba. Wanakuja vizuri tu. Wanakuja kwa yaya, Kheri. Tumbo likiwa limejaa hawana haja ya mtu mwingine yeyote."

"Basi tuzime sauti tubakize maziwa."

"Kwetu ndama anafungwa mbali na mama yake mpaka jioni," Nyamizi alisema. "Unadhani kwa nini? Ili alie. Akilia, mama anateremsha maziwa. Ndama aliyeshiba halii, na mama huku ufukweni anamtafuta kwa kilio chake. Ni lazima wawe na njaa, Dakta. Sina njia nyingine ya kulisema."

Dakta Eliakunda alisogeza kiti nyuma. Alikuwa mwanamke mpole, lakini upole wake ulikuwa na mfupa ndani.

"Nilifika hapa mwaka wa kwanza," alisema. "Nilikusanya ndama waliokufa njaa kwa toroli. Kwa toroli, mwanangu. Nikaapa halitatokea tena nikiwa hai. Sasa unaniambia niwalaze njaa kwa mkono wangu, wazima, wanono, kwa sababu hawampendi mama yao?"

"Kwa sababu 301 hajui kuita. Mwaka huu wako tisa. Miaka kumi ijayo hapatakuwa na mama hata mmoja anayeita ufukwe mzima. Siku makao makuu wakichoka kutuletea betri, utawakusanya kwa toroli wote."

"Na wale wa nyuma, ambao mama zao wako siku nane?"

Nyamizi alitazama ramani. Alijua, na wote pale mezani walijua, kwamba baadhi ya hao watakufa. Mayaya wakiendelea hafi mtu, mwaka huu. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wenyewe, na hakuna namna ya kuuzunguka.

Mkataba wa Fukwe ulikuwa na kifungu kimoja ambacho waliokiandika lazima walikuwa wamechoshwa na kamati. Amri yoyote inayoweza kuua mnyama haitolewi na kikao. Inatolewa na mtu mmoja, kwa jina lake na kiganja chake, ili kesho pasiwe na mtu wa kujificha nyuma ya wenzake. Wengine wanaweza kupinga, ila hawawezi kuzuia. Wakifa zaidi ya hamsini, mwenye kiganja anarudishwa kwao, na hakanyagi tena ufukwe wowote wa Mkataba maisha yake yote.

"Mimi napinga," Dakta Eliakunda alisema. "Liandikwe hivyo."

"Sawa, Mama."

"Lakini yatima siwaachii. Mia moja na sitini hawana mama wa kumngoja. Hao hawaonji njaa yako hata saa moja."

"Hao tutawahamishia ghalani, nyuma ya kilima. Tuwanyweshe kwa chupa, kimya kimya, bila sauti ya mtu."

"Kimya kimya," alidakia Kheri, "na mimi nikiwemo?"

Hakuna aliyecheka, ila Dakta alimsogezea sahani ya samaki, na Nyamizi akajua kwamba atasaidiwa.

Kesho yake walibeba yatima siku nzima, mmoja mmoja, mikononi. Kheri aliumwa mara sita na kila mara alimtaja aliyemuuma kwa namba, akaahidi kumshtaki. Wa mwisho alipoingia ghalani Nyamizi alikwenda chumba cha mitambo, akapiga moyo konde, akaweka kiganja juu ya kioo. Kioo kilimuuliza jina. Akalitaja lote, na la baba yake, na la babu yake. Ufukweni mayaya arobaini wakanyamaza kwa pamoja.

*

Siku ya kwanza ndama hawakuelewa kitu. Walikwenda kwa mayaya, wakasukuma mpira kwa pua, wakangoja, wakalala hapo hapo wakitumaini. Siku ya pili waligombana. Nyamizi alikuwa ufukweni tangu alfajiri, na kila alipopita walimfuata kundi zima, wanamnusa viatu. Hilo lilimchoma kuliko kelele zozote.

Siku ya tatu wakaanza kulia.

Mwanzoni mmoja mmoja, sauti nyembamba za ovyo, maana hawakuwahi kuzitumia. Mtoto ambaye hajawahi kukosa kitu hajui kuomba. Lakini jioni ya siku hiyo zilikuwa mamia, na kila moja ilikuwa imeanza kupata umbo lake. Nyamizi alizirekodi, na alizitofautisha bila kuangalia vibandiko. Huyu anapanda mwishoni, huyu anakata katikati. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne ndama wa Kipupwe walikuwa wanasema wao ni nani.

Siku ya nne wawili walikufa. Siku ya tano wakafa saba, na ukungu ukashuka mzito. Ramani ikaonyesha kundi kubwa limesimama. Halikuwa limegeuka, lilikuwa limesimama tu, siku moja kutoka ufukweni. Huenda walikuta uduvi njiani wakaamua kula. Mama mwenye akili angefanya hivyo, angejua kwamba mtoto nyumbani anaye wa kumlisha.

Nyamizi aliwazika wale saba yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Wa saba alikuwa mdogo hata koleo moja lilimtosha. Kisha alinawa mikono, akaenda moja kwa moja chumba cha mitambo. Alikuwa amekata tamaa, tusifichane. Alichotaka ni kuweka tena kiganja kwenye kioo, mayaya wafungue maziwa, na kelele zile ziishe.

Alimkuta Dakta Eliakunda amekaa mle ndani, ameegemeza mgongo kwenye mtambo, koti limejaa manyoya na matope mpaka mabegani. Magotini ana daftari.

"Umekuja kuwawasha," Dakta alisema.

"Ulikuwa sahihi, Mama. Naomba unipishe."

"Kaa kwanza."

"Mama, naomba."

"Nimekwambia kaa, Nyamizi."

Akakaa.

"Tangu juzi nawashika," Dakta alisema. "Nimewashika mia tisa na hamsini na mmoja. Nimebonyeza mafuta kila shingo, kila ubavu. Nilikwenda nikitafuta sababu ya kukushtaki makao makuu, sikufichi." Alifungua daftari, akaligeuza kumwonyesha. "Waliokufa walikuwa na minyoo, wote tisa. Hawa wengine wana mafuta ya siku tatu bado. Wengine nne. Tuliwanenepesha kupita kiasi, mwanangu, na huo unono ndio umewashikilia roho. Siku tatu unazo."

"Na mama wasipokuja ndani ya siku tatu?"

"Hapo nitakusindikiza mwenyewe kuja kuwasha. Lakini ukiwasha leo wale tisa wamekufa bure, na mimi sikubali. Nimepinga kuzima, sasa napinga kuwasha. Liandikwe na hilo."

Nyamizi alimtazama. Alitaka kusema asante, akajikuta amemlalia bega lile lenye matope. Dakta alimpigapiga mgongoni kidogo, halafu akamwambia ananuka, akaoge.

*

Siku ya saba ukungu uliondoka saa nne asubuhi, na Kheri ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa juu ya paa anafunga bati. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi, akaja mpaka alipo Nyamizi, akasema kwa adabu ambayo hakuna aliyejua anayo, "Dada, njoo uone bahari yako."

Maji yalikuwa yamejaa vichwa. Kila wimbi lililovunjika lilitema mama kumi, ishirini, wanono, weusi, wanang'aa. Hawakujikung'uta hata maji. Walisimama pale pale walipotupwa na wimbi, wakaanza kuita, sauti zinakwaruza, zinakatika, upepo unazibeba na mawimbi yanazifunika.

Na ufukwe ukajibu.

Kelele zile hazisimuliki. Ndama mia tisa walijibu kwa mpigo, na kila mmoja alikuwa na njaa ya siku saba kooni. Mama walipenya katikati yao wakiinamisha vichwa, wananusa, wanakataa, wanaendelea, wanaita, wanajibiwa. Wa kwanza kupatana walikuwa karibu kabisa na miguu ya Nyamizi. Jike namba 140 alisimama ghafla, ndama akamjia mbio anajikwaa, wakanusana pua kwa pua. Mama akalala ubavu. Ndama akanyonya. Pembeni yao yaya alikuwa amesimama kimya na chuchu zake nne, na hakuna aliyemwangalia.

"Mmoja," alisema Dakta Eliakunda, akachora mstari kwenye daftari. Kisha, "Wawili. Wanne. Saba." Ilipofika arobaini aliacha kutaja. Ilipofika mia aliacha na kuchora, akasimama tu, daftari limefungwa, machozi yanamtoka na hajishughulishi kuyafuta.

Waliendelea kutoka majini mchana kutwa, na kesho yake, na keshokutwa wakaja wale wa nyuma. Jumla walikufa ndama kumi na tisa. Nyamizi aliandika namba zao zote kwenye taarifa, juu kabisa, kabla ya jina lake, na mtu akimuuliza mpaka leo anazitaja bila kusoma. Mia tisa na hamsini na watatu walipatana na mama zao. Wanane mama zao hawakurudi, mtoto wa 88 akiwemo, wakapelekwa ghalani kwa yatima.

Lakini hesabu hiyo ilikuja baadaye. Siku ile ya saba, alasiri, Nyamizi alikuwa anamtafuta jike mmoja tu.

Alimkuta 301, aliyekuwa amerudi baharini kabla mayaya hawajazimwa, pale pale alipomwona asubuhi ile ya 88, mbele ya Yaya wa Kumi na Saba, ametoka majini muda mrefu hata manyoya yameanza kukauka. Alikuwa amesimama ameinua masikio, anangoja yaya aite. Mashine haikuita. Mtoto wake hakuwa hapo tena. Njaa ilimwondoa siku nyingi, akawa amechanganyika na mamia wengine huko juu ya majani, analia pamoja nao.

Kheri na Dakta walimfuata Nyamizi wakasimama nyuma yake. Dakta alisema polepole, "Naweza kumleta mtoto. Namjua alipo."

"Tusimguse, Mama."

"Akirudi majini?"

"Tusimguse."

301 alinusa mpira wa yaya. Alizunguka nyuma yake, akarudi mbele. Kushoto kwake jike mzee alipiga ukelele, akajibiwa, akaondoka mbio. Kulia kwake mwingine hivyo hivyo. 301 aliwageukia, huyu na huyu. Kisha akageuka kuelekea majini, akaanza kushuka, na Nyamizi akasikia Kheri anavuta pumzi nyuma yake na hamalizii. Mawimbi yalimfikia 301 mapezini. Akasimama. Maziwa yalikuwa yanamvuja, yanadondoka juu ya kokoto.

Hapo alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kitu, ni kama kikohozi. Alishtuka mwenyewe, akatazama nyuma kuona nani kaguna. Akafungua tena, na safari hii ikatoka ndefu, imekwaruza, imepinda katikati, sauti mbaya kuliko zote zilizosikika siku ile, na haikufanana na ya sili yeyote, wala ya mama yake, wala chochote ambacho Nyamizi aliwahi kukiweka ndani ya mashine.

Juu kwenye majani, katikati ya vilio vya mamia, kimoja kilikatika. Kikaanza upya, kwa nguvu zaidi, kikija.

301 aliita tena. Aliita huku anapanda, anawakanyaga wenzake, anaumwa na hajali, na yule mdogo anateremka kwa kubingirika na kuinuka, wanajibizana, mpaka wakagongana vichwa hatua tatu mbele ya viatu vya Nyamizi. Mama akamnusa mara moja. Akalala.

Nyamizi alikaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kama mtu aliye kwao.

"Sasa dada," alisema Kheri, "unalia nini na watu wamepatana?"

"Nalia kwa raha zangu. Niache."